Ua la Mkaidi

Siku wakwe watarajiwa wa mdogo wangu walipokuja nyumbani kwa mara ya kwanza, niliruka na kikombe mkononi, nikapiga kelele, "Limefunguka! Jamani, limefunguka!" na chai yote ikaishia mapajani mwa baba mkwe. Mdogo wangu hajanisamehe mpaka leo. Akitaka kunisamehe, mlango uko wazi. Mimi simbembelezi mtu.

Kilichofunguka ni ua. Ua moja tu, la zambarau iliyopauka, na lilikuwa ng'ambo, ndani ya nyumba ya vioo iliyozungukwa na theluji. Mimi nililiona kwenye televisheni ya sebuleni kwetu, juu kidogo ya kipara cha baba mkwe.

Ngoja nieleze, maana najua unaniona chizi. Kazi yangu ni kusimamia mradi wa viazi vitamu. Usicheke. Tuna mmea mmoja ambao tuliurekebisha jeni zake maabarani, ili vile virusi vinavyokunja majani na kuua mashamba mazima visiuweze. Na kweli havikuuweza. Tuliupaka virusi, tukaulazimisha kulala na wagonjwa, wapi! Ukazidi kunawiri. Tatizo lake lilikuwa tabia. Haukutaka kutoa ua. Bila ua hakuna mbegu, na bila mbegu hatuwezi kuuoza kwa mmea mwingine tunaouita Asali, ambao viazi vyake vitamu balaa lakini kirusi kikipiga chafya tu, uko chali. Tulibembeleza, tukabadilisha taa, tukabadilisha mbolea, tukaubana kiu. Haukujali. Basi tukaubatiza Mkaidi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mmea tena. Alikuwa mtu.

Zamani nilikaa kulekule ng'ambo, namshika Mkaidi kwa mikono yangu. Kisha Mama akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Nikaomba ruhusa nije nimuuguze kidogo, na hiyo kidogo ikanoga. Nikawa naongoza mradi kutoka sebuleni. Kwa simu yangu nafungua maji kule huku namenya vitunguu huku. Nawasha feni, nazima taa, nageuza kamera, na kipaza sauti kipo, nikitaka kumgombeza mtu namgombeza. Anayenisaidia kule ni mtaalamu mmoja tunamwita Dada wa Kitalu, msichana mwenye mikono myepesi na machozi ya karibu.

Kamati ya mradi ilinivumilia, halafu ikachoka. Mwenyekiti akanipigia, akasema kwa upole sana, upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua: Mkaidi akishika mbegu kabla ya kikao kijacho, endelea kusimamia ukiwa hukohuko kwenu, tutakuwa tumeona inawezekana. Asiposhika, urudi ukae na mmea wako, au tumpe mwingine.

Sikutaka kurudi. Nasema wazi, sikutaka. Nilikuwa nimezoea tena kuamka na kumsikia Mama akigombana na redio. Nilipokata simu nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni, nikamwambia tu kwa kubwata, "Wananitaka kule! Sasa kila kitu kiko kwa Mkaidi!" nikaingia jikoni kuzipigisha kelele sufuria zisizo na kosa. Mama akasema kutoka kwenye kochi, "Nenda, mwanangu. Mimi nina fimbo yangu." Mama alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, na wakunga hawakuonyeshi usoni mambo yanakwendaje.

Hii habari ya televisheni nayo ina sababu. Wai-fai yetu inashika sebuleni tu. Ukiingia chumbani inakuaga. Na Mama, kalala kochini na nyonga yake, alikuwa ameziona tamthilia zote mpaka anawajua waigizaji kwa ukoo. Nikaunganisha kompyuta na televisheni, tukawa tunamtazama Mkaidi pamoja. "Leo kanuna huyu," Mama anasema. Au, "Mwongezee maji, midomo imemkauka." Namwambia Mkaidi hana midomo. Ananiangalia kwa huruma.

Sasa siku ya wakwe, mdogo wangu alinipigia magoti nizime televisheni. "Dada, nakuomba. Leo tu. Watatuonaje, tunakaa tunatazama majani?" Nikamwahidi nitazima sauti. Sauti nilizima.

Baba mkwe alikuwa fundi saa, mzee mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, na lile lenzi lake dogo la jichoni linaning'inia shingoni kama vile saa inaweza kuharibika popote. Alikuja na kijana mwenyewe, bwana harusi wetu mtarajiwa, ambaye alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti na kujibu kila kitu "asante", hata alipoulizwa njia ilikuwaje. Mambo yalikuwa yanakwenda kwa adabu zote. Nikainama kumwekea mzee chai, nikainua macho, na pale kwenye skrini, katikati ya majani ya Mkaidi, nikaliona.

Mengine unayajua.

Mzee hakuungua sana. Mdogo wangu analia na kitambaa, bwana harusi anasema asante, mimi niko kwenye simu na Dada wa Kitalu. Naye analia pia, tena kwa sauti. Barabara zimefungwa na theluji, gari lake limezikwa, hawezi kutoka.

Hapo ndipo nilipoanza kutapatapa, maana ua la kiazi kitamu halina subira. Linafunguka kunapopambazuka, jua likipanda linasinyaa, na halifunguki tena. Kwetu ilikuwa alasiri. Kule ndiyo kwanza kunakucha. Nikazungusha kamera nyumba nzima ya vioo nikitafuta mtu, mtu yeyote, mwenye vidole. Kwenye kona nikaona mgongo. Mgongo mpana, umeinama kwenye mabomba. Alikuwa fundi wa boila wa zamu, anayeangalia mitambo ya kupasha joto.

Nikawasha kipaza sauti, nikaita kwa Kiingereza. "Kaka! Wewe hapo! Usiogope!"

Hakuna kinachomtisha mtu kama kuambiwa na dari asiogope. Aliruka, akagonga kichwa kwenye bomba, spana ikaenda zake.

"Nani wewe?" akauliza juu.

"Msimamizi wa mradi!"

"Uko wapi?"

"Nyumbani kwa mama yangu! Acha hayo mabomba, kuna ua limefunguka, nataka ulichavushe sasa hivi!"

Fundi Boila akavua kofia yake ya sufu, akajikuna kipara. Alikuwa mtu mkubwa, ndevu tele, vidole vinene kuliko mipini ya nyundo. Akasema kwa kawaida yeye hana bahati na mimea. Mke wake hata ua la dirishani hamruhusu kulimwagilia. Nikamwambia leo mke wake hayupo.

Kufikia hapo hakuna aliyekuwa anakunywa chai. Fundi Saa alikuwa amegeuza kiti chake kikaelekea televisheni, suruali yake mbichi, na amesahau kabisa kuwa amekuja kumposea mwanawe. "Anatakiwa kufanya nini huyu bwana?" akauliza.

Nikaeleza harakaharaka. Ndani ya ua kuna vinyuzi vya kiume, na katikati kuna kijiti kimoja cha kike. Kwanza vinyuzi vyote vya kiume ving'olewe kwa kibano. "Asije akajioa mwenyewe," nikasema. Halafu chavua ya Asali, ule unga wa kiume, ipakwe kwa brashi kwenye kile kijiti cha kike. Chavua ipo, Dada wa Kitalu aliihifadhi kwenye kichupa ndani ya friji. Mdogo wangu aliposikia maneno kiume na kike mbele ya baba mkwe wake, akachukua mto wa kochi akauweka usoni, na hakuutoa.

Fundi Boila akapata kibano, akapata brashi, akapata kichupa. Kibano kikapotelea ndani ya vidole vyake. Nikamsogezea kamera.

"Mwambie asikibane hivyo!" akasema Mama, amejiinua kwenye kochi na nyonga yake. "Ashike polepole, kama anapokea kichwa cha mtoto."

"Samahani, mama," akasema Fundi Saa, "kichwa cha mtoto ni kitu kikubwa. Hii ni kazi ya sindano ya saa. Kiwiko akiweke mezani, pumzi aizuie."

"Azuie pumzi? Umzimishe? Baba, saa ukiiharibu unaifungua tena. Mimi nusu ya mji huu imepita mikononi mwangu."

"Hata huyu wangu?"

Mama akamtazama bwana harusi. "Huyu? Huyu namkumbuka. Alitanguliza miguu."

"Asante," akasema bwana harusi.

Na mimi katikati ndiye mkalimani. Mama anasema hili, mzee anasema lile, na Fundi Boila ananiuliza, "Huko mko wangapi? Bosi ni yupi?" Nikamwambia wote ni mabosi, fanya. Lazima nikiri ninacheka. Nilikuwa naogopa, na bado nacheka, sijui hata furaha ilikuwa inatoka wapi. Kinyuzi cha kwanza kikatoka. Sebule ikasema "Aaah!" Cha pili. "Aaah!" Mpaka vyote, na kijiti cha kike kimebaki katikati kimesimama salama, na Fundi Saa anapiga mapaja yake yaliyolowa.

"Haya, brashi," nikasema.

"Kanawa?" akauliza Mama. "Katoka kwenye boila huyo. Asiguse kitu na mikono ile. Apake spiriti, mikono na brashi na kila kitu."

Mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kutafsiri. Ukatafsiri. Fundi Boila, mtu mtiifu, akatafuta chupa ya spiriti, akajimiminia, akaitumbukiza brashi yote, akaikung'uta mara moja, kisha akaichovya, imelowa vilevile, kwenye kichupa cha chavua.

Nikaona unga wa njano unageuka tope.

Spiriti inaua chavua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Ikilowa basi imekufa, na kichupa kilikuwa hichohicho kimoja.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, umeniua! Nani kakwambia useme? Hapa si wodini kwako!"

Mdogo wangu akautoa mto usoni. Mama akajirudisha kwenye kochi taratibu, akavuta shuka mpaka kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Kweli, si wodini kwangu." Mbele ya wakwe. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kwenye skrini kingo za ua zilikuwa zimeanza kujikunja, na hata ardhi sikuwa na muda nayo.

"Huyo mwanamume," akasema Fundi Saa, "huyo Asali. Yeye hana maua mengine?"

Ana! Asali tabia yake na ya Mkaidi ni mbingu na ardhi. Anachanua hovyo, mwaka mzima, bila sababu. Lakini tulikuwa tumewatenganisha ili chavua yake isisambae. Yeye yupo nyumba ya pili ya vioo, ng'ambo ya uwanja, na katikati ni theluji ya magoti.

"Kaka," nikamwambia Fundi Boila, "unaweza kukimbia?"

Akatazama mlango. Akatazama tumbo lake. "Zamani," akasema.

"Kimbia kama zamani. Lete ua moja lililofunguka. Lisilowe wala lisiguswe na baridi, likiganda limekufa nalo."

Akatoka. Tukabaki tunatazama skrini isiyo na mtu, ua moja tu, na kingo zake zinazidi kuingia ndani. Fundi Saa aliivua saa yake mkononi akaiweka kifudifudi mezani. Mdogo wangu akanishika mkono, akasahau kunichukia. Nami nikamgeukia Mama, na Mama alikuwa anatazama mikono yake.

Mlango wa kule ukafunguka kwa kishindo. Fundi Boila akaingia mweupe kuanzia viatu mpaka ndevu, anahema, mikono mitupu.

"Liko wapi?" tukauliza wote, kila mtu kwa lugha aliyoiweza.

Akavua kofia ya sufu. Ua la Asali lilikuwa limekaa juu ya kipara chake, kavu, limechanua, utadhani limeota pale.

Nyumba yetu ililipuka. Bwana harusi alisimama akapiga mluzi, na hiyo ndiyo sauti yake halisi ya kwanza tuliyoisikia. Lakini nilipomwambia Fundi Boila alichukue ua, alikate kingo, aliguse kwenye kijiti cha Mkaidi moja kwa moja, bila brashi, uso kwa uso, nikaona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, kwa baridi na kwa hofu. Akikigonga kile kijiti, kinakatika.

"Siwezi," akasema. "Nitamvunja."

Nikapiga magoti mbele ya kochi. "Mama, nisamehe. Hasira zangu unazijua. Msaidie, mikono inamtetemeka."

Mama akanitazama. Akaniangalia kwa muda, muda ambao mimi sikuwa nao, halafu akajinyoosha, akaegemea fimbo yake, akasogea karibu na kompyuta. Hakusubiri mkalimani. Alitumia Kiingereza chake cha wodini, kile alichowazalishia wake za wageni, maneno machache na yote ya amri.

"Wewe. Kijana. Nitazame."

Fundi Boila, mwenye ndevu za mvi, akaitazama kamera.

"Pumua. Tena. Ndani... nje. Usiharakishe. Yeye yuko tayari, ni wewe tu unaogopa. Vizuri. Sasa mlete. Polepole. Polepole, mwanangu. Usisukume. Mguse. Hapo. Kaa hapo. Pumua."

Unga wa njano ukashika kwenye kijiti cha kike. Niliuona, kwa macho yangu, kutoka upande wa pili wa dunia.

"Tayari," akasema Mama. "Umefanya vizuri sana."

Fundi Boila akakaa chini sakafuni akafunika uso. Kisha, kwa kuwa ua likishachavushwa lazima lifungwe isije ikaingia chavua nyingine, nikamwamsha akate kipande cha mrija wa pakiti yake ya maziwa, akalifunge mdomo kwa hicho. Akalifunga. Akaanza kucheza. Mtu mkubwa vile, peke yake kati ya viazi, anazunguka na kofia mkononi. Fundi Saa naye akainuka akacheza na suruali yake yenye chai, akamvuta mdogo wangu, akasema hajawahi kwenda ukweni kuzuri namna hii, na kama kijana wake hataki kuoa hapa yeye atamuasili mtoto wa mtu mwingine aje aoe.

Basi kukawa kungoja. Ua lenyewe huanguka, hilo si neno. Kinachotazamwa ni kikonyo. Kikikauka na kudondoka, umekula hasara. Kikibaki kibichi na kuvimba, ameshika. Dada wa Kitalu alirudi theluji ilipoyeyuka, lakini Fundi Boila hakukubali kung'oka. Kila zamu anapita, anamtazama, anainua kidole gumba kwenye kamera. Fundi Saa anapiga simu, eti kutusalimia: "Hamjambo? Vipi mzazi?" Na Mama yuko macho mbele ya televisheni, kimya kuliko kawaida yake. Nikadhani bado ana kinyongo na makelele yangu, nikamzidishia uji.

Kikavimba. Kikawa kitumba cha kijani, kikawa cha kahawia, na siku ya kikao cha kamati Dada wa Kitalu akakipasua mbele ya kamera, mbegu tatu nyeusi zikamdondokea kiganjani. Wanakamati walipiga makofi. Mwenyekiti akasema mradi unaendelea, na mimi naendelea. Akauliza ni nani aliyesimamia uchavushaji siku ile; katika kumbukumbu za sauti wamesikia mtu akimwambia fundi apumue, wangependa kumjua. Nikasema ni mkuu wangu wa kitengo. Nikakata simu, nikaanza kurukaruka sebuleni kama mbuzi.

Mama akainuka kwa fimbo yake, akaingia chumbani, akarudi na koti langu zito la baridi. Limefuliwa, limepigwa pasi, vifungo vilivyolegea vimeshonwa upya.

"Hili lisije likasahaulika," akasema. "Unaondoka lini?"

"Kwenda wapi?"

"Kule. Si wamekutaka? Ulisema kila kitu kiko kwa Mkaidi." Alikuwa analinyoosha koti mkononi, halina hata kunyanzi. "Ndivyo ilivyo. Mimi nilipozalisha vizuri wakanihamishia hospitali kubwa, nikamwacha bibi yako. Mtu akifanya vizuri, anachukuliwa."

"Mama. Kama asingeshika, ndipo ningeondoka. Ameshika, nabaki! Nabaki hapa!"

Akanitazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na fimbo ikamponyoka.

Nami nikaganda, maana nilikuwa nimeanza kuhesabu mambo kichwani. "Kwa hiyo siku ile," nikasema, "ulivyokuwa unamwambia yule apumue, polepole, amguse... ulidhani akifanikiwa mimi naondoka?"

"Nilidhani nakuaga," akasema Mama.

Nikamrukia, mimi na koti na yeye tukaangukia kochini. "Utaniua, wewe mtoto!" akapiga kelele, anacheka, machozi yanamtoka. "Niachie, utaniua!" Lakini aliyekuwa ameshikilia ni yeye.